Swali la lugha: "Protini za msongo" ni msongo gani?

Muuguzi wa Makete ameniandikia: "Shikamoo Mwalimu. Natayarisha kipeperushi kuhusu baridi yabisi. Nimeandika kwamba protini za msongo husababisha viungo kuvimba. Wagonjwa wawili waliosoma rasimu wameelewa kuwa wanaumwa kwa sababu ya mawazo. Nimekosea wapi?"

Marahaba, dada. Neno lenyewe ni sahihi. Msongo umetokana na kusonga, kitenzi kile kile cha kusonga ugali: kubana, kukandamiza. Ila tumeuzoea sana ukiandamana na mawazo, hata ukisimama peke yake sikio linaumalizia. Hapa inayosongwa ni seli, kwa joto, sumu au upungufu wa oksijeni. Andika "protini za msongo wa seli". Jina la zamani, protini za mshtuko wa joto, lina asili yake kwa Mwitalia Ferruccio Ritossa, aliyeeleza mwaka 1962 jinsi joto lilivyobadili kromosomu za inzi wa matunda.

Kinachonisumbua zaidi ni "husababisha". Ndani ya seli, protini hizi huwa walinzi: huzisaidia protini nyingine zikunjike sawasawa, zisiharibike. Zikitoka nje, kwenye majimaji ya maungio, huweza kuchochea kinga ya mwili au kuituliza. Mojawapo, iitwayo BiP, hushambuliwa na kingamwili (protini za kinga ya mwili) za baadhi ya wagonjwa, na bado majaribio ya maabara yameonesha kuwa inaweza kupunguza uvimbe. Kwa hiyo andika "huchangia", au "huchochea" pale tu unapotaja kuchochewa kwa kinga ya mwili. "Husababisha" inazitwisha mzigo wote.

Na useme maungio badala ya viungo. Mikono na miguu ni viungo, binzari nayo ni kiungo.

Sasa jina la ugonjwa. Yabisi ni neno la asili ya Kiarabu, maana yake kavu, gumu. Linaeleza ukakamavu vizuri kabisa. Baridi ndiyo inayopotosha, hasa huku kwetu nyanda za juu. Shangazi yangu wa Uyole alikuwa akiamka vidole havikunjiki kushika mwiko, anasubiri jua lipande ndipo asonge ugali. Miaka mingi alijiongezea blanketi akisema ni baridi ya Uyole, huku kinga ya mwili wake mwenyewe ikishambulia utando wa maungio. Alifika hospitali vidole vimeshapinda. Baridi huweza kumzidishia mgonjwa maumivu, lakini siyo inayoleta ugonjwa. Hilo liandike juu kabisa, kabla ya protini.