"Bring forward" ilivyoninyima kazi

Juzi kuna msomaji kaniandikia inbox anauliza afanyeje aache kuchanganya "go on", "go off" na "go over". Akanitonesha kidonda nilichodhani kimeshapona, kumbe wapi.

Iko hivi. Niliitwa intavyuu ya onlaini, saa tisa mchana. Siku moja kabla ikaingia meseji: "Something came up, we need to bring it forward an hour." Sasa mimi Kiingereza shuleni nilikuwa naongoza, sijisifu ila ndo ukweli, kwa hiyo hata kamusi sikugusa. Forward si mbele? Na kwetu kikao kikisogezwa mbele maana yake kimeahirishwa, basi nikajua ni saa kumi. Nikajibu "Perfect, thank you!" tena na alama ya mshangao. Saa kumi kasoro dakika tano nimeshakaa, juu shati limepigwa pasi, chini bukta, nabonyeza linki, kimya. Walikuwa wamenisubiri saa nane! Nikaandika kuomba radhi, wakajibu kwa heshima kabisa kwamba "we have moved on", nayo ikabidi niisome mara mbili maana sikuona aliyehama, kumbe wameshaendelea na watu wengine.

Iliniuma na bado inauma.

Kumbe wenzetu "bring forward" ni kuwahisha, na kuchelewesha ndo "push back", yaani kinyume na sisi kabisa. Kwao ni kama siku inakuja upande wako, ukiivuta mbele inakufikia mapema. Sisi tunaisukuma iende huko mbele tunakokwenda. Hakuna mwalimu aliyewahi kuniambia hili. Tulikaririshwa enter, return, postpone, maneno ya barua za ofisini, halafu unakutana na watu wanaosema come in, go back, put off kutwa nzima, unabaki unatoa macho.

Na cha ajabu jambo lenyewe, kitenzi kuongezewa kitu kidogo kikabadilika maana, si geni kwetu. Sisi tunalifanya mkiani mwa kitenzi: enda, endea, endelea, endesha. Pita, pitia, pitiliza. Mwingereza hana mkia huo, anachomeka kaneno pembeni, "go on" ni endelea, "go over" ni pitia tena. Ukishaona hivyo unaacha kutafuta miguu ndani ya "run". "We've run out of time" hakuna anayekimbia, muda umetuishia. "I ran into him" sikumgonga, nimekutana naye tu bila kutegemea, ila "ran over" hapo kweli kuna mtu chini ya gari, kwa hiyo tafadhali sana.

Go off ndo jeuri kuliko zote. Alamu iki-"go off" inalia, taa zikifanya hivyohivyo zinazimika, maziwa nayo yameharibika. Kitenzi kilekile! Ndo maana nasema usikariri kitenzi, kariri sentensi nzima na kitu chake, alamu na taa na maziwa, andika kwenye daftari. Pia unajionea maneno yanakaaje, maana ni "pick it up", ukisema "pick up it" umeharibu, lakini "run into him" huwezi kumweka huyo him katikati. Sentensi nzima jamani, narudia. Na acheni kiburi, hasa nyie mliokuwa mnapata A, nyie ndo hamuulizi, mnaona aibu mtaonekana hamjui, mnajibu "Perfect" kama mimi.

Mwezi uliopita ikaja meseji nyingine, watu wengine, kazi nyingine: "Can we push it back half an hour?" Jibu nilikuwa nalijua, naapa. Nikauliza hivyohivyo: "So 10:30 becomes 11:00, right?"

"Right."

Nikafika saa tano kasoro kumi. Na suruali nilivaa.