Usinukuu ripoti ambayo hujaifungua: kwa mdogo wangu wa mada ya vifo vya wajawazito

Mdogo wangu, acha. Hiyo tasnifu ya 2019 uliyosema unayo kwenye flashi, usiiguse sura yake ya pili. Umeandika kwamba utabadilisha maneno, ila marejeleo utayabeba kama yalivyo kwa sababu "yameshapitishwa na chuo". Nimeisoma sentensi hiyo nikashindwa kulala, maana ndiyo maneno niliyouziwa mimi.

Aliyeniuzia ni kaka mmoja mwenye steshenari jirani na geti la chuo. Alikuwa na kompyuta iliyojaa tasnifu za waliotangulia, unalipa, anakukopia. "Hakuna mtahini anayefungua marejeleo," aliniambia, "wanaangalia tu kama yametosha." Nikimkumbuka napandwa na hasira mpaka leo. Siku ya utetezi hakuwepo yeye mbele ya jopo. Na msimamizi aliyesaini kila ukurasa bila kuuliza hata swali moja naye simsamehi kirahisi. Kazi yake ilikuwa kuniuliza, "Hii umeitoa wapi?" Angeuliza mara moja tu, ningepona.

Sikia kilichotokea. Kwenye tasnifu niliyonunua palikuwa na sentensi hii: vifo vya uzazi nchini Tanzania vilipanda kutoka 454 mwaka 2010 hadi 556 kwa kila vizazi hai 100,000, na mabanoni imeandikwa Ofisi ya Taifa ya Takwimu, 2012. Nikaichukua. Si kuichukua tu, nikajenga tamko la tatizo juu yake: kwa miaka miwili vifo vimeruka hivyo, hospitalini kwetu kulitokea nini? Dodoso, mahojiano na wauguzi, mjadala wa matokeo, vyote vilisimama juu ya hiyo miaka miwili.

Mtahini wa nje alikuwa mama mmoja mpole, anaongea taratibu. Alifungua kompyuta yake akaigeuzia kwangu. "Hii hapa ripoti ya vifo ya sensa ya 2012. Nionyeshe 556 iko wapi." Nikaanza kushusha kurasa, jasho linanitoka, jopo zima limekaa kimya. Haimo. Sensa ilipata 432. Ile 556 ni ya Utafiti wa Afya ya Uzazi na Mtoto wa 2015-16, yaani watu walihojiwa miaka mitatu baada ya mwaka nilioandika mimi. Kuna mtu huko nyuma alichanganya, mwenzake akanakili, na kosa likahama tasnifu hadi tasnifu kama kunguni wa bweni mpaka likanifikia. Akauliza tena, kwa upole ule ule: "Sasa tatizo lako la utafiti liko wapi?" Halikuwepo.

Nilirudishwa sura ya kwanza. Mahafali yakapita nikiwaona wenzangu na majoho yao kwenye simu. Bumu, yaani pesa za mkopo wa wanafunzi, lilishakata, ada ya kuongeza muda mama akaikopa kwenye kikoba. Ndiyo maana sikuandikii kwa maneno laini.

Kilichoniuma zaidi nilikiona nilipokuja kuzifungua ripoti zenyewe. Ni za bure, ziko kwenye tovuti ya Ofisi ya Taifa ya Takwimu, kupakua ni bando dogo tu. Na ukizifungua ndipo unaelewa kwamba hata 432 ya sensa na 556 ya utafiti huwezi kuzipanga mstari mmoja ukasema vifo vimepanda. Sensa iliuliza kila kaya kama kuna aliyefariki katika miezi 12 iliyopita. Utafiti ule unawauliza wanawake habari za ndugu zao wa tumbo moja, nani yuko hai, nani amefariki, na kama alifariki akiwa mjamzito au baada ya kujifungua, kisha unapata wastani wa miaka mingi ya nyuma. Utafiti wa 2022 ukatoa 104. Shirika la Afya Duniani na wenzake, kwa hesabu zao za kukadiria, waliipa Tanzania 238 kwa mwaka 2020. Nchi ni moja, mama wajawazito ni wale wale. Ukimnakili mtu utaona tarakimu tu. Ukifungua ripoti utakuta fasili ya kifo kinachohesabiwa, idadi ya waliohojiwa, na kiwango cha juu na cha chini ambacho makadirio yanaweza kufika. Mambo hayo ndiyo jopo linayokuuliza, na majibu yake hayapatikani kwenye flashi ya mtu.

Kwa hiyo kwangu sheria ni moja: usiweke kwenye marejeleo kitu ambacho hujakifungua kwa mkono wako ukaona ukurasa. Ukikipata kwa mwingine na asilia haipatikani kabisa, sema wazi kwamba umekisoma kwake, umtaje yeye.

Umeuliza kuhusu Wikipedia na akili mnemba. Wikipedia itumie kujua pa kuanzia, kisha shuka chini kwenye vyanzo vyake uvifungue. Akili mnemba inaweza kukutungia makala ambayo haijawahi kuandikwa, ikaipa mwandishi, jarida na mwaka, kwa hiyo kila inachokutajia kitafute kwa jina kamili. Makala za Afrika ziko kwenye tovuti ya African Journals Online, nyingi unazisoma bure. Za afya ambazo zinadai malipo, muulize mkutubi kama chuo chenu kimejiunga na Hinari, mpango wa Shirika la Afya Duniani wa kuwafungulia vyuo majarida ya afya. Nenda kwake ana kwa ana, usiogope, wengi wao hukaa pale wakisubiri mwanafunzi aulize.

Sasa hivi, kabla hujalala, fungua hiyo tasnifu ya 2019, chukua rejeleo la kwanza lenye takwimu, uitafute ripoti yake na ukurasa wake. Usipouona, rudi hapa uandike jina la ripoti na mwaka. Nipo, tutaitafuta wote.