Usimuulize Mteja Anapenda Rangi Gani

Wadogo zangu mnaoanza kazi ya kupamba nyumba, wengi wenu mkifika kwa mteja mnaanza na swali hili: "Mama, unapenda rangi gani?" Liacheni. Mtu akiulizwa hivyo ghafla hujibu kwa kile alichokiona karibuni: sebule ya jirani, ukumbi wa harusi ya juzi, picha aliyotumiwa kwenye simu. Atasema kijivu, utapaka kijivu, na mwezi ukipita atakuwa na kinyongo asichoweza kukieleza. Hakukudanganya. Swali ndilo lililokuwa bovu.

Nimefanya kazi hii Dar es Salaam kwa miaka mingi, kwenye vyumba viwili vya kupanga na kwenye nyumba kubwa zenye geti. Ninachokiamini kuliko vyote ni kwamba watu wanajua sana jinsi wanavyoishi na wanajua kinachowakera, lakini dawa yake aghalabu hawaijui. Hayo mawili ya kwanza yachukue kwao kwa heshima. Dawa itafute mwenyewe.

Kwa hiyo uliza maisha. Asubuhi chai mnainywea wapi? Mgeni akija anaingia kwa mlango gani, na viatu anavulia wapi? Umeme ukikatika usiku, wote mnakimbilia chumba kipi? Mapazia nani anayafua, na kwa mkono au kwa mashine? Watoto wanaandikia wapi kazi za shule? Jibu la swali la chai litakuambia dirisha gani lina thamani kuliko mengine yote ndani ya nyumba ile. Jibu la mapazia litakuambia kama kitambaa kizito ulichokipenda Kariakoo kina maana yoyote pale. Kwa familia za pwani uliza pia wageni wa kiume hupokelewa wapi na wa kike wapi, kwa sababu nyumba nyingi bado hutenganisha, na pazia moja likikaa mahali pasipo pake linaharibu utaratibu wa nyumba nzima.

Halafu angalia unamuuliza nani. Baba anayelipa atakuwa na neno, na mama mwenye nyumba atakuwa na maneno zaidi. Lakini usiondoke hujazungumza na dada anayedeki. Yeye ndiye anayejua kwamba vigae vinavyong'aa vyeusi pale mlangoni vinaonyesha kila unyayo, kwamba meza ya kioo inafutwa mara nne kwa siku, kwamba saruji nyeupe kati ya vigae vya jikoni imekuwa kahawia karibu na jiko na haitoki tena. Omba ruhusa kwa mwenye nyumba kwanza, kisha zungumza naye huko huko jikoni akiendelea na kazi yake. Ukimuuliza sebuleni mbele ya wakubwa atakujibu "yote sawa tu".

Kama kuna bibi au babu, salimia, keti, ongea mambo mengine kwanza. Usimhoji mzee ukiwa umesimama na futi mkononi. Wazee mara nyingi hawatasema kwamba kochi ni la chini mno, kwa kuwa wataona kama wanailalamikia zawadi ya mtoto wao. Utaliona mwenyewe wakati wa kuinuka: kama anashika ukuta au anamwita mjukuu, kiti hakimfai. Kiti cha sentimita 45 hivi kutoka sakafuni huwasaidia wengi wao, na fundi wa samani wa Keko, hapa Dar, ataongeza miguu kwenye kochi lililopo kwa gharama ndogo kuliko kununua jipya.

Msiwaulize wote kwa pamoja. Hili nalisisitiza kwa sababu nimeona familia nyingi zikipata chumba ambacho hakuna hata mmoja aliyekitaka. Baba anasema "hii ya maziwa iko vizuri", mama anatikisa kichwa kukubali, watoto wanafuata. Mwaka 1951 mwanasaikolojia Solomon Asch, huko Marekani, alieleza majaribio yake ya kuwataka watu walinganishe urefu wa mistari, jambo ambalo jicho linaliona wazi kabisa. Washiriki wengine walikuwa wamepangwa kutoa jibu lisilo sahihi. Kwenye raundi hizo, takriban theluthi moja ya majibu ya waliokuwa wanapimwa yalifuata kundi. Na pale mtu mmoja tu alipojitenga na kundi, wengine walipata ujasiri wa kusema wanachokiona. Kama watu wanayumba hivyo kwenye mstari, kwenye rangi ya ukuta mbele ya baba mkwe itakuwaje? Nenda na mmoja mmoja. Ikishindikana, anza na mdogo kuliko wote, mkubwa aseme mwisho, au mpe kila mtu kipande cha karatasi aandike A au B.

Na usionyeshe sampuli saba. Onyesha mbili, ikizidi sana tatu.

Sasa sampuli zenyewe, na hapa tukae kidogo. Kikadi cha dukani kina ukubwa wa vidole viwili. Rangi ile ile ikienea ukuta mzima inaonekana kali zaidi, kwa hiyo maoni yaliyotolewa juu ya kikadi ni maoni kuhusu kitu kingine. Nunua kopo dogo, chukua kipande cha ubao laini cha sentimita 60 kwa 60, paka mikono miwili, yaani mara mbili, uache ukauke kabisa, kwani rangi ya maji ikiwa mbichi si ile utakayoiona kesho. Usipake doa moja kwa moja kwenye ukuta wa zamani. Rangi ya zamani iliyolizunguka doa italidanganya jicho.

Jambo hili lilimsumbua Michel Eugène Chevreul, mkemia Mfaransa aliyesimamia upakaji rangi wa nyuzi kwenye karakana ya mazulia ya ukutani ya Gobelins, Paris. Watu walilalamika kwamba nyuzi zake nyeusi zimefifia. Alizipima, akakuta hazina kasoro. Tatizo lilikuwa majirani zake: nyeusi ile ilikuwa imefumwa kando ya bluu na zambarau, na jicho likaiona imepoa. Mwaka 1839 alichapisha maelezo marefu ya namna rangi zinavyobadilishana sura zikikaa pamoja. Tazama alivyofanya. Hakuwapuuza walalamikaji, maana kweli walikuwa wanaona weusi uliofifia. Wala hakukimbilia kutengeneza rangi mpya ya nyuzi kwa sababu wao walidhani rangi ndiyo mbovu.

Nanyi fanyeni vivyo hivyo. Mama akisema "chumba kinanibana, tupake nyeupe", amini kwamba kinambana. Halafu tazama fimbo ya pazia: mara nyingi imefungwa juu kidogo tu ya dirisha, ukuta ukaonekana umekatwa nusu. Ipandishe karibu na dari, pazia lishuke hadi sakafuni, kisha muulize tena. Baba akisema chumba kina joto kwa sababu ya rangi, panda uangalie bati na dari kabla hujafungua kopo. Kijana akisema rangi "imekufa" usiku, soma kwenye boksi la taa namba ya kelvini (K), inayoeleza rangi ya mwanga. Balbu ya 6500 hutoa mwanga mweupe unaoelekea bluu, na rangi ya krimu chini yake hupoteza uhai. Ile ya 2700 au 3000 hutoa mwanga wa manjano, krimu ile ile ikachangamka. Balbu ni nafuu kuliko ndoo ya lita 20.

Ubao wako uache kwao siku kadhaa. Wauhamishe ukuta hadi ukuta, wautazame asubuhi, saa saba mchana, jioni, na taa zikiwashwa. Kwa Dar kumbuka pia msimu. Katikati ya mwaka jua la mchana liko upande wa kaskazini, na Desemba liko kusini, kwa hiyo dirisha la kusini lililopoa Julai si lile la mwisho wa mwaka. Picha nyingi ambazo wateja watakuonyesha zimepigwa Ulaya ya kaskazini, ambako majira ya baridi ni marefu na giza na watu hupaka nyeupe ili wakusanye mwanga mdogo walio nao. Ukuta mweupe kabisa unaopigwa na jua la magharibi hapa kwetu unaumiza macho. Usimwambie mteja picha yake mbaya. Muulize ni kipi hasa kimemvuta. Utashangaa mara ngapi atasema "pametulia", na huo utulivu unaweza kumpatia kwa kuondoa makabati mawili.

Fundi naye ni mtu wa kuulizwa, na mapema. Atagonga ukuta na kukuambia unyevu unapanda kutoka chini, na kwamba ukipaka rangi ya mafuta pale itavimba na kubanduka. Mji Mkongwe wa Zanzibar usiguse kitu kabla hujamsikiliza fundi mzee wa chokaa: kuta zile za matumbawe zinahitaji kupumua, na plasta ya saruji hufungia unyevu ndani. Huko pia ni eneo la Urithi wa Dunia tangu mwaka 2000, kwa hiyo ruhusa ya mamlaka ya uhifadhi inatangulia matakwa ya mtu yeyote. Kwa nyumba ya kupanga, neno la mwenye nyumba litangulie tundu la kwanza la msumari.

Bei itaje pamoja na sampuli, siyo baadaye.

Siku ya kwanza kabisa uliza pia, bila kuzunguka: tukitofautiana, nani atasema neno la mwisho? Wengi watacheka, kisha watakujibu. Maoni mengine yote yapokee na uyaandike, lakini uamuzi uchukue kwa huyo mmoja, na umtumie ujumbe wenye namba ya rangi, chumba na tarehe, akujibu "sawa" kwa maandishi. Shangazi atakayefika siku ya mkono wa pili na kusema angependa kijani mpokee kwa adabu, mpe kiti, umuelekeze kwa aliyeamua.

Kazi ikiisha, rudi. Nenda baada ya masika, wakati unyevu umeshaonyesha makosa yaliyopo. Safari hii usiulize kama wamependa, kwa maana watakuambia ndiyo. Angalia walichohamisha. Kama kiti ulichokiweka pembeni sasa kiko karibu na dirisha, muulize aliyekisogeza alitaka nini pale, uandike alichosema pamoja na upande wa dirisha na saa anayokaa.