Kuandikwa “mkulima” kwenye daftari la jeshi si hati ya shamba

Swali: Mimi ni Mkongo, naishi Lexington, Kentucky. Mume wangu ni Mmarekani Mweusi, kwao ni hapa hapa. Tumepata karatasi za jeshi za babu wa babu yake, aliyejiandikisha mwaka 1864 katika Camp Nelson, kambi ya jeshi la serikali hapa Kentucky, wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani. Kwenye nafasi ya kazi wameandika kwamba alikuwa mkulima. Kuna bwana mmoja anayejiita mtafiti wa koo. Anasema neno hilo linathibitisha kuwa mzee alikuwa na shamba kabla ya vita, na kwa dola 400 atalitafuta ili familia idai fidia. Anasema pia atatupatia kijiji alikotoka Afrika, huenda ni huko kwetu Kivu. Shamba hilo tunalipataje? Tumlipe?

Jibu: Msimlipe, mama. Na shamba la kabla ya vita msilitafute, kwa sababu karibu kwa hakika halikuwepo.

Neno hilo “mkulima” linanisumbua miaka yote niliyofanya kazi ya nyaraka. Fikiria karani aliyekaa mezani pale Camp Nelson mwaka 1864, foleni ya vijana mbele yake. Kitabu chake kina safu za umri, urefu kwa futi na inchi, rangi ya ngozi, macho, nywele, mahali pa kuzaliwa, kazi. Ukifika safu ya kazi unateremka ukurasa mzima: mkulima, mkulima, mkulima. Karani hakuuliza ardhi ni ya nani. Aliuliza mikono hii imezoea nini. Wengi mno kati ya vijana hao walikuwa watumwa, wamelima katani na tumbaku ya mtu mwingine tangu utotoni, na hata jembe walilolishika halikuwa lao. Mtumwa wa Kentucky hakuweza kumiliki ardhi kisheria. Yeye mwenyewe alihesabiwa kwenye orodha ya mali, pamoja na farasi na magunia.

Tangazo la Rais Lincoln la 1863 la kuwaacha huru watumwa halikuwafikia watu hao, maana lilihusu majimbo yaliyoasi na Kentucky haikuasi. Mlango wao wa uhuru ulikuwa jeshi. Zaidi ya Weusi 23,000 wa Kentucky waliupitia mlango huo. Ni Louisiana pekee iliyotoa wengi zaidi.

Kama mzee wenu alikuwa miongoni mwa Weusi wachache waliokuwa huru, sensa ya 1860 itamtaja kwa jina. Kama hayumo, basi yumo kwenye orodha ya watumwa ya mwaka huo huo, bila jina: umri, jinsia na rangi tu, chini ya jina la bwana wake. Hilo mnaweza kuliangalia jioni moja, bure.

Sasa niseme kinachonikera zaidi. Sheria ya Februari 1864 ilimruhusu bwana mtiifu kwa serikali kudai hadi dola 300 kwa kila mtumwa wake aliyeingia jeshini. Madai hayo wakati mwingine yamefungwa ndani ya jalada la askari mwenyewe. Familia moja iliwahi kuniletea karatasi ya namna hiyo, imewekwa kwenye fremu ya kioo. Waliuziwa kama “hati ya fidia ya babu”. Nikawasomea. Ilikuwa ni bwana anadai alipwe kwa kumpoteza babu yao. Mama mmoja aliigeuza ile fremu kifudifudi mezani na hakuiinua tena mpaka walipoondoka. Aliyewauzia alikuwa anajua kusoma. Alijua alichokuwa anauza.

Mkitaka kujua askari mkulima wa Camp Nelson aliishi vipi, someni hati ya kiapo ya Joseph Miller, Novemba 1864. Alikuwa mtumwa katika kaunti ya Lincoln. Alipokwenda kujiandikisha alifuatana na mke na watoto, kwa kuwa bwana wake alisema hatawalisha. Mwezi ule jeshi likazifukuza familia za askari kambini. Asubuhi ilikuwa ya baridi kali, na mwanawe wa miaka kama saba alikuwa ndiyo kwanza anapata nafuu. Wakapakizwa kwenye gari la farasi. Usiku Miller akatembea hadi Nicholasville, maili kama sita, akawakuta kwenye jengo la ibada, mtoto ameshakufa. Akarudi kambini usiku ule ule. Kesho yake akaenda tena kwa miguu, akachimba kaburi mwenyewe, akamzika. Januari iliyofuata naye akafa. Kisa chake na vya wenzake viliwatia watu uchungu hadi Machi 1865 Bunge likapitisha kwamba mke na watoto wa askari ni watu huru. Yote hayo yamehifadhiwa, na wala hayahitaji dalali.

Shamba la mzee wenu, kama lilikuwepo, ni la baada ya vita. Wapo waliorudi na mishahara yao wakanunua ekari chache. Wengi zaidi walilima kwa kugawana mavuno na mwenye ardhi. Sensa ya kilimo ya 1880 inatofautisha: inaonyesha kama mtu anamiliki, anakodi kwa fedha, au anagawana mavuno, halafu inahesabu ekari, ng’ombe, kuku, hata siagi. Kisha mnakwenda ofisi ya karani wa kaunti kutafuta hati za mauziano. Mkimkosa kabisa Kentucky, mtazame Kansas: mji wa Nicodemus ulianzishwa mwaka 1877 na Weusi waliohama kutoka maeneo hayo hayo ya Lexington na Georgetown.

Zile ekari 40 walizoahidiwa watumwa walioachwa huru, anazozitaja kila kishoka, zilitokana na amri ya Jenerali Sherman ya Januari 1865. Ilihusu ukanda wa pwani ya South Carolina, Georgia na Florida. Kentucky haimo, na mwaka huo huo Rais Johnson aliwarudishia ardhi wenyewe wa zamani. Na Kivu? Watu waliopelekwa Marekani kutoka upande wa Kongo walipakiwa kwenye pwani ya Atlantiki: Loango, Cabinda, Luanda. Huyo mtafiti wenu amekuona ni Mkongo, akakutajia kwenu.

Ndivyo wanavyofanya wote. Husoma sura ya mteja kabla ya kusoma karatasi. Mti wa ukoo wanaokuuzia umeshonwa kwa majina yanayofanana tu, na huko Kentucky unaweza kukuta askari watatu wenye jina moja, kwa kuwa walichukua ubini wa bwana mmoja. Jina peke yake halitoshi. Kinachomtambulisha askari ni rejimenti yake, kombania yake, bwana wake wa zamani, mkewe, na wenzake aliolala nao hema moja.

Hao wote mtawakuta mahali pamoja: jalada la pensheni. Sheria ya 1890 iliwapa pensheni hata ambao ulemavu wao haukutokana na vita, ili mradi walitumikia siku 90, na wajane wakafuata. Mjane asiyekuwa na cheti cha ndoa alilazimika kuleta mashahidi. Mkaguzi wa pensheni alikuja kijijini akawauliza waliokuwa naye utumwani: nani aliwaozesha, nani alimzalisha, mume alikuwa na kovu wapi, alitumia majina gani. Majibu yaliandikwa, shahidi akaweka alama ya msalaba.

Anzeni na karatasi mliyo nayo. Nakilini namba ya rejimenti na herufi ya kombania. Tafuteni kwenye faharasa ya pensheni iliyopangwa kwa rejimenti, si ile ya majina peke yake. Mkipata namba ya jalada, jazeni fomu namba 85 ya Nyaraka za Taifa, Washington, na ombeni jalada zima. Likifika, ruka kurasa za madaktari kwanza. Nenda kwenye maelezo ya mjane, usome alivyojibu alipoulizwa mumewe alikuwa mtumwa wa nani.