Maswali na majibu: diski ya mashini ya zamani, na yale mafaili munasahau kila mara

Bon, maswali yenu nimeyasoma, na karibu yote ni diski. Mvua imeanza Lubumbashi, radi inapiga, moto unakatika unarudi na nguvu, na zile mashini za mezani za zamani zinaanza kufa moja moja, kila mwaka njo vile. Wale wa "mashini yangu haiwaki shida ni nini" bila kusema hata ni mashini gani, mimi si nabii, nimewaacha.

Papa fundi, niko na sekretaria, nyumba ya kupiga barua, hapa komini ya Kenya. Mashini iko inapiga ta-ta-ta ndani, ekra nyeusi, Windows haifunguki. Fundi mmoja amesema tuiformate kwanza tuone. Nikubali?

Hapana, mama. Zima mashini sasa hivi, chomoa kabo ya moto ukutani, halafu ndiyo uendelee kusoma.

Ile ta-ta-ta ni vichwa vya kusomea vinatafuta njia kwenye sahani zinazozunguka ndani ya diski, havipati, vinarudi mwanzo, vinajaribu tena. Kila dakika unaiacha inawaka unazidi kuimaliza. Na kuformata diski mgonjwa ni kuiandika upya ili "tuone", tuone nini? Swali la kwanza hata siku moja si diski, swali ni nakala ya mafaili iko wapi. Kama iko kwenye diski ya nje ao kwenye mashini ingine, basi hakuna hadithi, nunua diski mpya, weka Windows, rudisha kazi yako, mangaribi unafungua mlango kwa wakiliya.

Kama nakala hakuna (na najua hakuna, juu ungekuwa nayo usingeniandikia), angalia kitu moja: ukiingia kwenye BIOS, ile programu mashini inaanza nayo mbele ya Windows, jina la diski linaonekana? Likionekana na diski inasoma polepole lakini inasoma, muambie fundi afungue Linux (mfumo wa bure, kazi yake kama ya Windows) toka kwenye kle USB na atumie programu ya ddrescue, inakopi kwanza sehemu nzuri, halafu njo inarudia zile mbaya, na anakopi yote kwenye diski ingine yenye ukubwa sawa ao zaidi. Asikopi faili moja moja na Windows, atakwama kwenye ya tatu. Kama jina halionekani kabisa na bado inapiga, hakuna programu duniani itakusaidia, hiyo ni kazi ya laboratware yenye chumba kisicho na vumbi, na bei yake inapita bei ya mashini yako mara nyingi. Wewe njo utapima kama mafaili yanastahili.

Na tafazali, hiyo maneno ya kuweka diski kwenye friji acheni. Kuifungua juu ya meza pia, vichwa vinapita juu ya sahani kwa nanometa chache tu, na hii vumbi yetu nyekundu punje moja inatosha kuharibu kila kitu.

SSD itaingia kwenye mashini yangu ya mezani ya 2008? Wengine wanasema haikubali.

Inakubali. SSD ni diski ya chipu tu, haina sahani. Fungua kifuniko, ukiona diski yako iko na kabo nyembamba yenye kichwa cha umbo la L, hiyo ni SATA, iko sokoni toka 2003, na SSD za leo za SATA zinafanya kazi hata kwenye tundu za zamani. Spidi itakatwa kidogo, tundu ya gigabiti 3 inapitisha karibu megabaiti 280 kwa segonde, lakini diski yako ya kuzunguka hata 150 inafika kwa shida, kwa hiyo unalia nini? Faida yenyewe iko kwingine: diski ya mizunguko 7200 inachukua kama milisegonde 10 na zaidi kutafuta kitu, SSD haichukui hata sehemu ya kumi ya milisegonde moja. Njo maana mashini ya mzee inafufuka.

Itakuwa ndogo kwa nafasi ya zamani, inchi 2.5 ndani ya 3.5. Tafuta kishikio cha bati, ukikosa hata skochi ya pande mbili inatosha, hakuna kitu inazunguka ndani. Ila usikubali wakuuzie ile SSD nyembamba kama kadi, ya NVMe, na adapta, mashini ya mwaka ule haitaanzia humo. Na kama alimentasyo yako, ile boksi inagawa moto ndani ya mashini, iko na vichwa vya zamani tu, vile vikubwa vya pini nne, chukua adapta ambayo waya zake unaziona zimeshikwa moja moja, si ile imemwagiwa plastiki yote pamoja, hizo zimeshachoma mashini za watu.

RAM ikiwa giga 1, SSD haitafanya muujiza. Sema nimekuambia.

Diski gani ni nzuri?

Ile iko na nakala.

Nilibadilisha diski mwezi wa tano, ilitembea vizuri. Juzi moto ulikatika usiku, asubuhi nafungua naona ekra ya bleu, inarudi inarudi. Tarehe pia imekuwa 2009. Diski mpya imeshakufa? Nirudishe kwa muuzaji?

Usiende kupigana na muuzaji wa watu! Hii swali naipenda, jibu umeliandika wewe mwenyewe: tarehe. Batri ndogo ya mviringo kwenye karte mere, ile karte kubwa ndani ya mashini, CR2032, imekufa. Wakati moto uko ukutani mashini inakumbuka, moto ukikatika BIOS inasahau yote na kurudi kwenye mipango ya kiwanda, na kwenye mashini nyingi za miaka ile mpango wa kiwanda wa SATA ni IDE, njia ya zamani ya kuongea na diski, wakati Windows yako iliwekwa kwenye AHCI, njia mpya. Windows haioni tena diski yake, inaanguka, mara nyingi na kodi inayoishia na 7B. Badilisha batri, ingia BIOS, rudisha AHCI, panga tarehe. Hakuna cha kuformata. Najua watu Ruashi na Katuba wamelipa diski nzima na kazi ya fundi kwa shida ya batri ambayo hata dola mbili haifiki.

Nimeona SSD ya tera 2 kwa dola 20. Ninunue mbili?

Nunua bugali. Hiyo ni kadi ndogo ya simu ndani ya boksi, imedanganywa iseme tera 2, itapokea mafaili yako yote bila kulalamika na kuyapoteza. Ukiwa umeshanunua, jaribu na H2testw, programu ya kupima ukubwa wa kweli, mbele ya muuzaji, kama anakataa umepata jibu.

Diski yangu ni ya kabo pana ya IDE, nitapata mpya?

Usiweke pesa humo. Tafuta adapta ya IDE kwenda USB, toa mafaili, basi. Ikikataa kuonekana angalia jampa, kile kifuniko kidogo cha pini nyuma, iwe kwenye "master".

Nimeweka diski ya tera 4, Windows 7 inaonyesha 2 tu.

Ni MBR, ule mpango wa zamani wa kugawa diski, unaishia tera 2. Igeuze GPT, mpango mpya, mara hii kabla ya kuijaza. Kwa diski ya mafaili tu itakubali, kuanzisha Windows toka humo kwenye BIOS ya zamani haitakubali.

Na juu umetaja Windows 7: Microsoft iliiacha tarehe 14 Januari 2020, na Windows 10 nayo tarehe 14 Oktoba 2025, Windows 11 inazikataa hizi mashini zetu. Ukishanunua diski mpya na unapiga barua tu, weka Linux Mint na LibreOffice.

Diski ya zamani bado inatembea kidogo, naweza kuiuza sokoni?

Wewe pia uko na sekretaria, si ndiyo? Ndani mko kadi za uchaguzi za watu, atestasyo, diplome, picha za pasporo. Formata ya haraka haifuti kitu, inatoa tu orodha, mtoto mwenye programu ya bure anarudisha yote kwa saa moja. Ukitaka kuuza, formata ukiwa umeondoa alama ya "haraka", toka Windows Vista inaandika sifuri diski nzima, itachukua masaa, iache kwenye ondulere, ile boksi ya batri inashika mashini moto ukikatika. Kama haimalizi, usiuze. Fungua bisi (skrubu), toa sahani, zikwaruze na msumari, uzigonge na nyundo.