Samaki Wakitweta Juu ya Maji, Weka Dawa Kando

Kaskazi ikishakolea, na kuta za nyumba zikilala na joto hadi asubuhi, simu yangu hujaa picha za namna moja: samaki wamejipanga juu ya tangi, midomo nje, matamvua yanapiga mbiombio. Chini ya picha, swali: nitie dawa gani? Usitie dawa. Shika jagi.

Chota maji ya tangi hilo hilo, yainue kama shibiri mbili, uyamimine tena humo. Rudia dakika kumi, mkono ukichoka muite mtoto. Oksijeni huingia pale maji yanapokutana na hewa, na ukiyavuruga unaongeza mahali pa kukutania. Hata pampu ya hewa kazi yake kubwa ni hiyo. Vile viputo vinavyopanda havigawi oksijeni nyingi njiani. Vinasukuma maji ya chini yaje juu na kuutikisa uso. Kwa hivyo pampu inayotoa viputo vizuri kwenye kona huku uso wa maji umelala kimya ni pambo tu.

Wakishapata nafuu, ndipo uchunguze. Je, wanatweta wote au mmoja? Mmoja peke yake, hasa akiwa amefunga shavu upande mmoja au anajisugua kwenye mawe, huenda ana vimelea kwenye matamvua, mtenge. Wakiwa wote, shuku maji. Wakitweta alfajiri kisha mchana wakawa wazima, tazama mimea: usiku haitoi oksijeni, inaivuta pamoja na samaki. Wakianza punde tu baada ya kubadilisha maji ya mfereji, shuku klorini, ambayo huunguza matamvua. Tafuta dawa ya kuondoa klorini. Hiyo moja naikubali.

Lakini kwetu Mombasa mshukiwa wa kwanza ni joto. Maji yasiyo ya chumvi yakiwa nyuzi 25 hubeba oksijeni miligramu 8 na ushei kwa lita. Yakifika 30 hubaki kama 7.5, na ya bahari hubeba pungufu zaidi. Tofauti yaonekana ndogo, ila joto lilo hilo linamfanya samaki atumie oksijeni zaidi, na chakula kilichobaki chini kioze haraka, nako kuoza kunakula oksijeni. Mwenye kuumia zaidi ni goldfish, samaki wa maji ya ubaridi, ambaye huku twamtia kwenye bakuli la duara na kulijaza hadi shingoni, pale pembamba. Ukishindwa kumhamisha, basi ishia kwenye tumbo la bakuli, penye upana.

Kupoza, elekeza feni kwenye uso wa maji na ufunue kifuniko. Unyevu wa hewa yetu hupunguza nguvu ya njia hii, lakini nyuzi moja au mbili utazipata. Chupa ya maji ya barafu pia yafaa, ielee ikiwa imefungwa, na uitoe mapema. Kuporomoka ghafla kwa joto ni balaa jingine.

Halafu kuna stima. Ikipotea kwa saa nyingi, bakteria walio kwenye sponji ya filta, wanaosafisha uchafu wa samaki, hukosa hewa na kuanza kufa, na uchafu hugeuka sumu. Stima ikirudi, usiwashe kwanza. Nusa sponji. Ikinuka mayai viza, isuuze kwenye ndoo ya maji ya tangi (si ya mfereji) ndipo uirudishe. Na pampu ya hewa iwekwe juu kuliko usawa wa maji, la sivyo stima ikikatika maji hurudi kwa mpira na kumwagikia soketi.

Kuna hali inayowachanganya wengi: pampu inafanya kazi, maji hayana joto, na bado wanatweta. Hapo pima amonia na nitraiti, sumu zitokanazo na uchafu wa samaki na chakula kilichooza. Amonia huchoma matamvua, na ukali wake hupanda pH (kipimo cha asidi na alkali majini) na joto vinapopanda. Nitraiti huiharibu damu isibebe oksijeni hata ikiwa tele majini. Ukichungulia matamvua utayakuta na rangi ya kahawia badala ya nyekundu. Badilisha thuluthi ya maji, rudia kesho yake, na usiwalishe siku mbili. Hawatakufa njaa. Kwa nitraiti, chumvi ya kawaida, kijiko cha chai kwa lita kumi, husaidia, maana huzuia sumu hiyo isipenye kwenye matamvua.

Na kama aliyekutia wasiwasi ni beta au gourami, anayepanda mara mojamoja, akagusa juu na kushuka zake kwa raha, huyo mwache. Ana kiungo cha kuvutia hewa ya juu, na ukimzibia kifuniko kikagusana na maji ndipo utakapomuua.