Muulize Shangazi: Baba anaamka usiku kukaza mifereji

SWALI: Shangazi hujambo. Mimi ni kifungua mimba, miaka 46. Mzee wetu tangu nijijue halali mfereji ukidondoka, saa nane usiku anaamka anakaza yote mpaka ule wa nje. Ukitaja siasa anaongeza redio. Nikiwa mdogo tuliambiwa ameenda kazi Mombasa. Juzi natafuta hati ya shamba kwa sanduku lake nikapata karatasi ya kuachiliwa jela, 1987. Mama akasema rudisha na usiulize. Nimekasirika, lakini hata nikiandika hii naangalia nyuma. Nimuulizeje?

JIBU: Huo mwaka nao! 1986 na 1987 watu walikuwa wanakamatwa kwa jina la Mwakenya, lile kundi la siri lililopinga serikali ya Moi, wahadhiri, wanafunzi, hata wakulima, wanateremshwa seli za chini Nyayo House hapo katikati ya Nairobi, seli inajazwa maji mtu akiwa ndani, halafu siku moja analetwa kortini jioni bila wakili anakiri. Siwezi kuapa mzee wako alipita huko, ila hiyo mifereji imenishtua.

Sasa, usimkalishe mbele yako karatasi iko mezani simu inarekodi eti "hii ni nini?" Kama alipita huko, hivyo ndivyo polisi walivyomkalisha. Mwambie mkiwa kazini, mnapukuchua mahindi sijui, kila mtu anaangalia mikono yake: baba, niliona ile karatasi, sitaki jibu leo. Unyamaze kweli. Anaweza kukaa miezi.

Mama naye usimlaumu. Wewe ulikuwa na miaka sita, ungeambiwa ukweli asubuhi ungeusema shuleni na chifu angeusikia kabla ya chakula cha mchana. Hiyo Mombasa ilikuwa ya kukulinda, shida ni kwamba hakuna aliyekuja kukuambia sasa imetosha, ndio maana bado unaangalia nyuma.

Kama alifungwa na korti kuna namba ya kesi, inakili pembeni (na usitume picha kwa grupu ya familia tafadhali). Zile seli zilifunguliwa watu wakaziona 2003, 2010 Mahakama Kuu ikaamuru walioteswa humo walipwe fidia, na ripoti ya TJRC, ile tume ya ukweli, haki na maridhiano, ikatoka 2013. Mzee akijua wenzake walishasema hadharani na hawakurudishwa ndani, huenda redio ikapunguzwa kidogo.

Na huo mfereji wa nje, nunua raba mpya uubadilishe leo kabla hajaenda kulala.